Rukhsa ya Msafiri

Jumapili, 22 Februari 2026

Ramadhani bado mbichi na Baba keshaanguka. Jikoni, baada ya alasiri. Sukari imeshuka, jasho linamtiririka. Nikamtia juisi mdomoni — akaitema! Eti swaumu yake. Nikamkumbusha kuwa mgonjwa ana rukhsa ya kula. Akasema rukhsa ni ya wagonjwa, yeye ana sukari tu.

Kosa langu. Mimi ndiye niliyemwambia ni sukari tu. Daktari aliniita pembeni: figo zimekwisha, hatofunga tena maisha yake. Mgonjwa wa kupona hula, akalipa siku zake baadaye. Asiye na matumaini halipi, hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Nani atamwambia Baba yuko fungu lipi? Si mimi. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 24 Februari

Nimepata njia! Msafiri naye ana rukhsa, na kwa madhehebu yetu safari ni kilomita kumi na mbili tu nje ya mji. Tumetoka nyumbani Al Amerat kabla ya alfajiri, njia ya Quriyat. Katikati ya milima, jua limeshatoka, nikasimamisha gari, nikamfungulia chapati na mayai. Nikamwambia sasa yeye msafiri. Akacheka. Akala! Mimi nimefunga, namtazama. Akasema siku hii atailipa Shawwal, Ramadhani ikiisha.

Nimechelewa kazini Bawshar. Meneja kanuna. Anune.

Alhamisi, 26 Februari

Siku ya tatu barabarani. Safari gani hii, ya kwenda kula mayai? Namdanganya Baba, au namdanganya Mungu? Baba anahesabu kwa vidole siku za kulipa, na mimi naitikia. Moyo unaniuma.

Nimemwandikia Sheikh Yaarub, aliyetusomesha Kurani utotoni. Nimemweleza yote, na figo.

Jumamosi, 28 Februari

Naandika garini, kituo cha petroli, njia ya Quriyat. Baba kaenda msalani.

Tulikuwa tumeshasali alfajiri, tuko njiani, Sheikh akapiga. Nilisahau kuwa simu imeunganishwa na spika za gari! Sauti ikajaa gari zima. Hii safari ya kuzungukazunguka haina haja, alisema. Swali ni moja — daktari ana matumaini kuwa mzee atapona?

Nikakamata usukani. Tukapita kona, na kona nyingine.

Baba ndiye aliyejibu, taratibu kabisa.

"Hana, Sheikh. Aliniambia mwenyewe, tokea Rajab. Nnataka kujua tu, huyo maskini wa kila siku, nimlishe nini?"

Tokea Rajab! Zaidi ya mwezi mzima, nami namficha. Naye ananificha, anakula mayai yangu na kuhesabu vidole ili mimi nisilie.

Wakazungumza habari za mchele. Sikusikia vizuri. Simu ilipokatika akanishika bega.

"Geuza gari, mwanangu. Leo tukale nyumbani."

Nikasema nnatia petroli kwanza. Tangi lenyewe limejaa tangu jana. Anarudi sasa, anajifuta mikono kwenye kanzu, na mimi bado sijageuza.