Nilivyokaza Vishikio vya Ski za Camille

Koekelberg, Brussels
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Amani ya Mungu ikukute umekaa kwenye kiti chako cha tairi mbele ya kibanda cha baiskeli, goti limetulia na chai iko karibu. Hilo goti linaendeleaje? Mama ananiambia bado unalisugua kwa mafuta ya taa, na mimi nilituma dawa. Dawa si ya kuwekea wageni kabatini, Baba. Mimi ni mzima. Baridi ya huku na mimi tumeshazoeana, sijui nani alimchoka mwenzake kwanza. Bado niko kwenye chumba kilekile, kuba la kanisa kubwa linaonekana dirishani, na jirani wa juu bado anavaa viatu vya mbao.

Nimepata ujumbe wa sauti wa Mama kuhusu Zuhura. Nimeusikiliza kwenye metro, nikausikiliza tena nilipofika nyumbani. Kwamba mdogo wangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi Kigoma, ng'ambo ya mpaka, kwamba shangazi yuko tayari kumpokea, na kwamba wewe umesema haendi, ukachukua pasipoti yake ukaifungia kwenye sanduku la spana. Mama anasema, "Issa, zungumza na baba yako, mimi nimeshindwa." Nitazungumza. Ila kwanza nikusimulie jambo lililonipata kazini, maana lina spana ndani yake, na najua habari yenye spana utaisikiliza mpaka mwisho.

Unamkumbuka yule mzee ninayemhudumia kule Auderghem, Papa Joris, aliyekuwa mwalimu Bukavu ujanani mwake. Macho yake yamefifia sana sasa. Asubuhi namwogesha, napika, nampa dawa zake, kisha tunabishana kuhusu chumvi, yeye kwa Kiswahili chake cha Bukavu chenye Kifaransa ndani. Mkewe, marehemu Godelieve, sikumkuta mwenyewe lakini namkuta kila mahali: kofia yake ipo mlangoni na hakuna anayethubutu kuiondoa. Mjukuu wao ni Camille, mwanafunzi, anakaa Etterbeek. Ni rika moja na Zuhura, na akitaka kitu anainua kidevu vilevile.

Jumamosi moja akaja na kidevu juu. Alitaka kwenda na wenzake kwenye milima ya theluji wakati wa likizo ya karnivali, na alitaka kwenda na ski za bibi yake, si za kukodi.

Usicheke, Baba. Ski ni mbao mbili ndefu, nyembamba. Mtu anazivaa miguuni, anavutwa na mashine mpaka juu ya mlima, halafu anajiachia kwenye theluji mpaka chini. Kwa hiari yake. Hakuna anayemfukuza.

Nilizitoa chini kwenye stoo. Mbao zenyewe zilikuwa nzima, zimefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Tabu ilikuwa vishikio. Kiatu cha ski hakifungwi kwa kamba, kinabanwa na kishikio, wao wanakiita fixation: kipande kimoja mbele ya vidole, kingine nyuma ya kisigino, na ndani kuna springi. Vya marehemu vilikuwa vya kijivu, na plastiki yake ilikuwa na ufa. Nikaubonyeza kwa kidole, ukafunguka. Papa Joris hakuuona, lakini aliusikia.

"Bon," akasema. "Ile imekufa. Leta carton yenye iko chini ya escalier."

Kumbe mzee huyu ni ndugu yako. Hawezi kupita soko la vitu vya zamani kule Marolles bila kurudi na chuma. Kwenye boksi la chini ya ngazi kulikuwa na vishikio vyekundu, vizito, vizuri mno. Nikavipenda pale pale.

"Hapana, Issa. Ile ya rouge ni ya wanaume wa kushindana mbio. Ile nguvu yake ya chini kabisa inapita uzito ya Camille. Tafuta ile nyeusi."

Vile vyeusi havikuwa na sura. Ungekuwepo ungevitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Lakini springi yake ilirudi vizuri nilipoibonyeza, viatu vya Camille vya soli bapa vikakaa sawasawa, na breki zake zilikuwa ndefu. Breki ni nyaya mbili zinazoshuka zenyewe kiatu kikichomoka, ili ski isikimbie peke yake bondeni ikachoma watu.

Urefu wa breki ulikuwa na maana kwa sababu ya kitu kingine. Kati ya kishikio na mbao, marehemu alikuwa amewekewa bamba la kuinulia mguu, nene kama kidole changu gumba. Ukiilaza ski ubavu ukikata kona, bamba linazuia kiatu kisiburuzwe kwenye theluji. Breki fupi isingefika chini. Camille alisema wenzake wanamwambia hayo mabamba ni ya kizamani, ayaondoe. Na mimi nilitaka kuyaondoa, kwa hesabu yako uliyonifundisha: kitu kikiwa kimoja hakilegei na mwenzake.

Papa Joris akayapapasa mabamba kwa vidole, taratibu, akakataa. "Ukitoa hizo bamba, utapiga matundu mapya, na mbao itachoka. Na ile vis ndefu ukiiweka bila bamba, itatokea chini. Wacha. Godelieve alikuwa anasimama pale juu vizuri sana."

Basi tukayaacha. Kwa bahati matundu ya vishikio vyeusi yaliingiana na ya mabamba. Nikatia gundi, nikafunga skrubu, hizo anazoziita vis, moja baada ya nyingine, mzee ameshika tochi anamulika ukuta. Baba, nilifurahi. Tangu nifike huku mikono yangu inanuka sabuni na dawa za hospitali. Siku ile ilinuka grisi. Niliinusa kwenye metro wakati wa kurudi kama mwendawazimu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kila kishikio kina skrubu kubwa pale kwenye springi, na kidirisha kidogo chenye alama ndani. Ukizungusha, alama inasogea. Nikaona hapa ndipo pa mwisho pa kukaza. Nikakaza. Nikakumbuka keria za baiskeli unazozifunga, na wale vijana wanaoshuka na ndizi kutoka Bugarama, baiskeli imelemewa, breki inatoa moshi, na wewe ulivyokuwa ukiniambia kila ukinipa spana: "Kaza, halafu kaza tena kwa ajili ya mteremko." Mimi nikakaza kwa ajili ya mteremko. Alama ikafika ukingoni, nikasikia springi imegoma. Nikasema moyoni, hii kazi wewe mwenyewe, Mzee Ramadhani, ungeitia mkono.

"Umeweka ngapi?" Papa Joris akauliza.

"Mpaka mwisho, Papa. Hata aanguke kutoka juu mbinguni, haitatoka."

Akaweka tochi chini.

"Mais mutoto yangu," akasema, "ile kitu inapashwa kutoka!"

"Papa, kitu cha kufunga kinafungwa. Kikitoka si ataanguka?"

"Ataanguka tu! Kila muntu anaanguka. Akianguka na fixation haitoke, ile mbao itazunguka, na muguu itabaki ndani. Godelieve alivunjika vile akiwa kijana. Uliona fimbo yake pale kwa mlango? Ni ile."

Niliiona kila siku ile fimbo chini ya kofia. Nilidhani ni ya uzee.

Camille alikuwa jikoni. Akaja, akavaa kiatu, akakibana kwenye ski pale juu ya zulia la bibi yake, akazungusha mguu kwa nguvu zake zote ili uchomoke. Haukutoka. Akajaribu tena mpaka uso ukawa mwekundu. Nikaona goti lake linavyojipinda juu ya kiatu kisichosogea. Nilipiga magoti nikamtoa mwenyewe kwa mikono. Baba, nilikuwa nimemfungia mtoto wa watu mtego, tena kwa upendo, tena nikiwa najisifu.

Tukaanza upya. Papa Joris akanieleza nami nikalegeza, kidogo kidogo. Akasema hakilegezwi hovyo vilevile, maana kikiachia mapema anaweza kuanguka penye mwendo mkali bila sababu. Unauliza uzito wake, urefu wake, kiatu chake, na anateleza vipi, mwoga au jasiri. Nikamuuliza, na hofu ya babu yake je, inawekwa wapi? Akacheka mpaka akakohoa. "Ile haina namba," akasema. Akapapasa hewani mpaka akapata kichwa cha Camille, akakishika.

Baada ya hapo tulizipeleka kwenye duka la ski kwa sababu mimi sikujiamini tena, na nilifanya vizuri. Yule dada wa duka alitukunjia uso kwanza, vishikio vya zamani hawapendi kuvigusa, lakini hivi bado walivikubali. Akavitia kwenye mashine inayopinda kiatu mpaka kiachie, akarekebisha kidogo, akaturudishia, tukaondoka.

Camille akasafiri. Papa Joris wiki ile hakula vizuri. Kila nikifika: "Amepiga simu?" Hajapiga. "Theluji iko ngumu?" Sijui, Papa, mimi ni mtu wa Buyenzi, kwetu ni joto. Siku moja nikiwa namkatia kucha, ukaja ujumbe wa sauti. Nikauweka kwa sauti kubwa. Upepo mwingi, halafu Camille anacheka, anahema, anamwita babu yake kwa Kifaransa: "Bon-papa, nimeanguka vibaya sana! Ski zimeruka zote mbili, moja huku moja kule! Mwambie Issa zimeachia. Sina hata mchubuko." Mzee akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Machozi yalimshuka na kucha za mguu mmoja bado hatujamaliza.

Basi, Baba, hiyo ndiyo habari. Sasa nakuja kwa Zuhura.

Najua hukuifunga ile pasipoti kwa ubaya. Umemkaza kwa ajili ya mteremko, kama unavyokaza kila kitu unachokipenda. Mimi niliondoka na mpaka leo sijarudi, na unaogopa kwamba sanduku likifunguliwa tena kibanda kitabaki na wewe na Mama na goti hilo. Hiyo hofu ni ya haki, na mimi ndiye niliyeileta. Lakini ni hofu yako, si uzito wa Zuhura. Yeye mpime mwenyewe. Ni msichana aliyekaa na bibi miezi yote ile ya ugonjwa, akajifunza kumchoma sindano bila kumuumiza. Kigoma kuna shangazi, na kuna simu. Anaweza kuanguka. Chuo kinaweza kumshinda, anaweza kulia akitaka kurudi. Mwache aanguke mahali ambapo atachomoka na kusimama. Nikilitazama goti lile la Camille juu ya zulia namwona yeye, na siwezi kulala vizuri.

Unakumbuka uwanja wa ndege, siku ninaondoka? Ulishika mkanda wa begi langu. Watu wote wameshaingia, Mama ananisukuma, na wewe umeushika tu. Halafu ukauachia. Miaka yote hii nilidhani mkono ulichoka. Nimekuwa nikiwaza sana siku hizi kuhusu ule mkono, na nakushukuru.

Fungua hilo sanduku, Baba.

Nisalimie Mama, mwambie nimezungumza kama alivyotaka, na sauti yake kwenye simu bado ni tamu hata akiwa amekasirika. Nisalimie bibi, umsomee hii barua polepole, sehemu ya ndizi za Bugarama atapenda. Nisalimie mjomba fundi cherehani wa jirani, na muadhini wa msikiti wetu aliyenifundisha kusoma. Zuhura usimsalimie kwa maneno. Mpelekee kitu chake mkononi.

Nakubusu mikono yote miwili, yenye grisi hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao, uliyemwachia, na hajavunjika,

Issa