Kidari cha Mwenye Wavu

Karuba, siku ya mvua

Papa Petro,

Unisamehe ukimya huu. Tangu matanga yako tumevuna maharage mara mbili hapa Karuba, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa karatasi. Nilikuwa na hasira, na kwa miaka yote niliyofundisha nimewakataza wanafunzi wangu kuandika barua wakiwa na hasira. Nikasema nitangoja hadi ipoe. Haikupoa. Basi nakuandikia nayo, na maneno yangu yakiwa makali, uyasikilize yote kama ulivyokuwa ukinisikiliza darasani, umekunja mikono.

Nakukasirikia wewe. Nataka ulijue hilo mwanzoni, kabla sijafika kwangu mwenyewe.

Habari za nyumbani kwako ni hizi. Mama Anastazia ni mzima. Amehamia kwa binti yenu Marita, ng'ambo ya kijito, kwa sababu nyumba ilianza kuvuja na hakutaka mtu yeyote aguse paa ulilolifunga wewe. Wavu wa kuwindia bado unaning'inia pale pale darini. Mume wa Marita anautazama, lakini hautoi nje. Kanisa la majani tulilosomea sasa limeezekwa mabati, na mvua ikinyesha hakuna anayemsikia katekista, jambo ambalo lingekufurahisha. Na kaburi lako liko nje ya ua wa makaburi ya Wakristo, upande wa migomba, bila msalaba, bila jina. Nilisimama pale na kofia yangu mkononi, mimi mwalimu. Mimi ndiye niliyekuweka pale.

Nawe ulijua. Ulijua tangu mwanzo!

Unakumbuka jinsi nilivyokuja kwenu Mpofi. Padri mkuu wetu aliwauliza walimu wa milimani ni nani atakayejitolea kwenda Walikale wakati wa likizo, kuwafundisha watu wazima kusoma, bila malipo, akilala katika nyumba za Wakristo wa huko. Niliinua mkono kabla ya wengine. Kwetu sisi wa Masisi, kwenu kulikuwa nchi ya kigeni: lugha nyingine, msitu usioonyesha jua, na karatasi ya ruhusa yenye muhuri ili mtu avuke mpaka wa teritwari, yaani wilaya. Dada yangu alinisindikiza hadi Bihambwe akilia njia nzima. "Kaka, unaenda kwa batu ya pori! Batakulisha nyani!"

Nilifanya kosa la kukusimulia jambo hilo siku ya kwanza. Ulicheka hadi ukaketi chini. Tangu hapo, kila likizo, kila sahani iliposhushwa mbele yangu, ulikunja uso kama mtu mwenye msiba ukasema, "Mwalimu, utatusamehe. Leo nyani alikataa kuingia mu wavu. Kula tu sombe, majani ya muhogo, na hii nyama kidogo."

Darasani ulikuwa mkaidi kuliko wote. Nilipokwambia useme "mtu", usiseme "muntu", ulinijibu mbele ya wenzako, "Muntu wetu iko munene. Wako amekonda, Mwalimu, umupatie chakula." Nilikupigia rula mezani. Hukuacha kucheka, wala hukuacha kuja. Mvua inyeshe, uwindaji uwepo, ulikuja.

Siku za kuwinda ulinichukua nikae nyuma ya mistari ya nyavu, nisikilize mbwa na kengele zao za mbao shingoni. Baadaye ulinifundisha mgao, kwa ukali ule ule niliotumia kukufundisha herufi. Aliyechoma mkuki wa kwanza, paja. Mwenye mbwa, shingo. Mwenye wavu, kidari, hata kama siku hiyo hakufika porini, kwa sababu wavu wake umefanya kazi na kazi haifanywi bure. Nilikuuliza wavu huu ni wa nani. Ukasema, "Ya papa. Njo yeye aliusuka wote, fundo kwa fundo."

Nilidhani baba yako anaishi kijiji kingine na kwamba utampelekea fungu lake. Sikuuliza zaidi. Mimi, ninayewaadhibu watoto kwa kutouliza.

Kisha, mchana mmoja, nilizunguka nyuma ya nyumba nikakuona umeinama mbele ya kibanda cha majani, kifupi, hakifiki magotini. Ulikuwa unaingiza kidari cha paa kilichofungwa katika jani la mgomba. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayempa jirani yake kiti, "Papa, yako hii." Nami nilirudi ndani, nikafungua daftari la taarifa ambalo kila mwalimu wa kujitolea alipaswa kumpelekea Padri mkuu mwishoni mwa likizo. Niliandika: "Petro wa Mpofi, Mkristo, ana kibanda nyuma ya nyumba yake, ambamo humtolea marehemu baba yake sadaka ya nyama." Sentensi hiyo haina kosa. Niliipitia mara mbili ili kuhakikisha. Jioni ile nilikula kwenu, nikakushukuru, nikalala katika kitanda ulichonifungia kwa mikono yako.

Hilo ndilo langu. Sasa sikiliza lako.

Likizo iliyofuata nilikuta barua imenitangulia. Katekista alitaka kukusomea, ukamkataza. Uliiweka kwa miezi, ukiningoja. Uliniketisha, ukaweka kidole chini ya mstari, ukasoma mwenyewe, jasho likikutoka: "Pet-ro... a-si-po-ke-e... ko-mu-nyo..." Hadi mwisho. Hadi pale palipoandikwa kwamba usipobomoa kibanda hutazikwa pamoja na Wakristo. Ukainua uso.

"Mwalimu, nimesoma yote?"

Umesoma yote, nikasema.

"Bila kosa?"

Bila kosa.

Ukafurahi. Papa Petro, ulifurahi! Ulimwita Mama Anastazia kutoka jikoni ili aje aone mumewe anasoma barua nzima peke yake. Nilitaka ardhi inifunike. Nilitaka unitukane. Hukuniuliza nani aliyewaambia, ingawa hapakuwa na mtu mwingine Mpofi anayeandika taarifa. Uliikunja barua ukaiweka pamoja na kitabu chako cha sala.

Likizo nzima nilikuhubiria ubomoe. Ulisema neno moja tu, "Nikibomoa, mwenye wavu atakula wapi?" Na Padri mkuu alipopita kuwatembelea Wakristo, alikusimamisha mbele ya kanisa, watu wote wakisikia. Alitaka kujua nyama ile, ikishatolewa kibandani, huliwa na nani. Yeyote aliyeila angepata adhabu kama yako. Nilikuwa nimesimama kando yake, nimeshika orodha ya majina. Ulitazama miguu yako. Ukasema, "Ile ni siri ya nyumba yangu, Padri." Akauliza tena. Ukanyamaza. Nilikuona mjinga. Nilisema moyoni mwangu kwamba mtu huyu anapotea kwa ukaidi tu, na nikaweka alama mbele ya jina lako kama nilivyoamriwa.

Mwaka uliofuata mvua zikakukuta porini, kifua kikakushika. Katekista alikuja kitandani kukuuliza mara ya mwisho kuhusu kibanda. Ulimwomba maji. Ukafa, wakakuzika upande wa migomba. Habari zilinifikia Karuba nikiwa nasahihisha mitihani.

Nilikuja matangani. Mama Anastazia alikuwa anatwanga sombe. Niliketi karibu naye, nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba kama ungalijibu swali moja la Padri, labda wangalikuhurumia. Aliuacha mchi ndani ya kinu. Sijawahi kutazamwa vile.

"Weye, Mwalimu! Ile kidari ulikuwa unakula hapa kila vakansi, ulizani ilitoka wapi? Ku soko?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito. Katika nyumba yenu, fungu la mwenye wavu aliyekufa hukaa kibandani kwake hadi moto wa jikoni uwashwe tena. Kisha hutolewa, hupikwa, na hupewa mgeni asiye na ndugu pale kijijini, maana yeye peke yake ndiye anayeweza kula kwa niaba ya mtu asiyekuwapo. Ninyi wenyewe hamkukigusa kamwe. Mgeni huyo nilikuwa mimi. Likizo zote zile.

"Petro alisema tunyamaze," akaniambia. "Alisema, bakijua Mwalimu alikula, batamufukuza ku masomo. Yeye iko mugeni wetu."

Nilikumbuka kila sahani. Nilikumbuka nilivyosifu nyama ile. Nilikumbuka siku niliyoomba chumvi! Nilikula fungu la baba yako nikalamba vidole, kisha nikafuta vidole, nikashika kalamu, nikakushtaki kwalo. Nawe ulisimama mbele ya watu wote, hatua tatu kutoka kwangu, na jibu lako lilikuwa limesimama pale pale, limeshika orodha ya majina.

Nani alikuomba unilinde? Nijibu. Nani alikupa ruhusa ya kulipia kazi yangu kwa kaburi lako bila kuniuliza? Ungaliniita kando. Ungaliniambia, "Mwalimu, umekula," basi. Nina umri wa kuweza kuambiwa ukweli. Badala yake mlikubaliana mume na mke, mkaniacha niendelee kuwa mwadilifu, niwasahihishe, niwahubirie, huku kijiji kizima kikijua na kuninyamazia kwa adabu. Huo ulikuwa ukarimu wenu. Umeniacha na ukarimu nisioweza kuurudisha, na mtu wa kugombana naye amekufa. Sitakusamehe upesi. Mimi mwenyewe sitajisamehe kabisa. Nimezoea kuona kosa katika daftari la mwingine.

Nimefanya hivi. Nimemwandikia Padri mkuu taarifa nyingine. Nimeandika kwamba nyama ililiwa nami, kila likizo niliyokaa Mpofi. Nimeandika kwamba hapakuwa na sadaka: palikuwa na mgao, na mtu aliyekataa kumdhulumu baba yake. Nimeomba jina lako lirudishwe katika kitabu cha Wakristo na kaburi lako liingizwe ndani ya ua. Ua wenyewe ni wa miti tu, unaweza kusogezwa kwa asubuhi moja. Nimeandika kwamba wakikataa, adhabu yako iwe yangu pia, neno kwa neno.

Wamejibu kwamba watakaa kikao juu yetu wote wawili. Hadi hapo nimekatazwa kushika chaki. Naamka asubuhi, nasikia kengele ya shule ng'ambo ya malisho, natafuta viatu, kisha nakumbuka. Mkuu wa shule alinijia nyumbani, akaiona barua hii mezani, akanicheka: "Mzee, ungekaa kimya. Marehemu hasomi barua."

Nikamwambia huyu anasoma. Nilimfundisha mimi.

Wakati wa likizo ndefu nitakuja Mpofi, wawe wameamua au la. Sitaleta daftari. Mume wa Marita amekubali kuushusha wavu. Alikuwa anangoja mgeni, kwa sababu sasa kuna wenye wavu wawili wa kulishwa, baba yako na wewe, na kijijini hakuna asiye na ndugu ila mimi. Kibanda tutakifunga upya. Nitakula fungu lenu nje, mbele ya kanisa, mchana, Wakristo wakitoka misani, na atakayetaka kuandika taarifa nitamwazima kalamu.

Kaa salama hapo upande wa migomba, Papa Petro. Siku watakapoamua, siku ile ile, nitakuandikia matokeo, yawe mema au mabaya, kwa herufi kubwa za ubaoni ulizozipenda. Weka kidole chini ya mstari. Usome mwenyewe.

Mgeni wako,
Mwalimu