Majembe Mawili Mferejini

Kaka Saturnino,

Huku Valdehoz hatujambo, na milozi imechanua mapema. Kuku wangu mwekundu ameanza tena kutaga kwako, kwenye dirisha la jikoni.

Jumamosi tulizibua mfereji. Nilikuwa nimesahau ulivyo mzuri ukiwa mtupu. Mawe yale yalipangwa enzi Waarabu walipotawala huku kwetu, bila hata chembe ya saruji, na mpaka leo yanateremsha maji kutoka mlimani hadi bustani ya mwisho. Nani siku hizi anajenga hivyo?

Sheria ni ile ile: kila nyumba itoe mtu na jembe kuzibua kipande chake, isiyotoa inakosa zamu ya maji. Nilikwenda na majembe mawili, kama kila mwaka. Leoncio, msimamizi wa maji, akanichokoza mbele ya watu.

"Wewe Eufemia, kakako yuko Ujerumani anakula soseji, halafu unamchimbia?"

"Nyumba yake ina mtu," nikamwambia. "Hesabu jembe lake."

Wakacheka, lakini alilihesabu. Nilimaliza kipande cha nyumba yangu, nikashika jembe lako, nikaingia kwenye kipande chako. Mipichi yako itakunywa mwaka huu.

Wakati wa kurudi kifua kilinibana, ikabidi nikae chini njiani. Daktari amenikataza kuinua hata ndoo. Usimwambie mtu, hasa Leoncio.

Majembe yote mawili yako nyuma ya mlango wangu. Machi ijayo uje uyabebe wewe.

Dada yako anayekungoja,
Eufemia