Mama Katangaza Naenda Ustawi

Jumanne

Bado nacheka peke yangu kama chizi. Leo nimetuma maombi ya kusoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, na mama akashindwa kunyamaza. Akatangaza dukani kwetu Kariakoo: "Mwanangu anaenda Ustawi!"

Mama Neema, jirani yetu anayeuza vitenge, akanikumbatia. "Pole mwanangu. Kumbe una mtoto? Baba yake hatoi matunzo?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikamweleza kwamba siendi ofisi ya Ustawi kumshtaki mwanaume, naenda chuo kusomea kazi ya kuwasikiliza wanaoshtaki.

Chuo wasiponichukua, sijui mama nitamwambia nini...

Ila Mama Neema hakucheka. Alivuta stuli, akashusha sauti. "Basi anza kunisikiliza mimi."

Chuo hakijanijibu, mteja nimeshapata!