Zimwi Aliyesikia Kinu

Mama yangu,

Jana nilitwanga sombe kwenye kinu. Ndiyo, mimi huyuhuyu niliyekata majani ya muhogo kwa kisu miaka yote, majirani wa hapa mtaani Kasuku wakinicheka kwamba napikia mbuzi.

Wewe ndiwe uliyenizoeza. Vita vilipoingia Kindu ulitukimbiza porini, mimi na wadogo zangu, ukauacha mchi nyumbani kusudi. Kila mkimbizi alijua mlio wa kinu hufika mbali, na penye kinu pana chakula. Sisi tulililia sombe laini. Ukasema, "Batoto, munyamaze. Zimwi iko anasikia."

Nikakuuliza, "Mama, zimwi njo nini?"

"Njo ile inakula bitu ya bantu na haishibi."

Tukatafuna majani magumu kimya. Nilimwogopa zimwi huyo hata nilipokuwa na watoto wangu, na aibu ilinizuia kumwambia mtu.

Juzi mama mudogo, ndugu yako tuliyekimbia naye, alinikuta na kisu changu. "Weye ungali unaogopa nini?" Nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe neno lile ulilichagua! Ulihofu tukizoea kusema "askari", mtoto ataropoka kwenye bariyeri, kizuizi chao cha barabarani, wote tuishie pale. "Mutoto akisema zimwi, bale banacheka tu," akaniambia.

Hapo nikakumbuka. Mdogo wangu alimnyooshea kidole mmoja wao mwenye bunduki, akapaza sauti, "Zimwi!" Nawe ukatabasamu. Yule mtu akanguruma kumtania mtoto, akatupungia tupite.

Basi zimwi wangu alikuwa watu tu, Mama, na watu wale walishaondoka. Nimepumua kama aliyetuliwa mzigo kichwani.

Nikanunua kinu sokoni. Binti yangu, anayebeba jina lako, akashika mchi pamoja nami. Mapigo ya kwanza yalipolia nilisimama, nikasikiliza. Nyayo zikaja kweli, hadi mlangoni.

Alikuwa jirani yangu, yule wa maneno ya mbuzi, na sahani mkononi. "Nimesikia kinu," akasema.

Nikampakulia. Akala, akaomba tena.

Lala salama kaburini, Mama. Leo natwanga tena.

Ni mimi, kifungua mimba wako.