Chinsaga za Mtaroni

Ikonge,
6 Juni 1968

Mwanangu Orpah,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Ng'ombe amezaa ndama jike. Wewe je, kifua kimepona? Mji wenu una vumbi.

Juzi nilikuja Kisii kununua misumari, nikapita kwenye ile kona ya duka la vitambaa, pale mama yako alipokuwa akiuza mboga. Unakumbuka alivyokuwa akikung'uta kikapu mtaroni kabla ya kupanda basi, ati hataki kubeba mji hadi nyumbani? Mwanangu, mboga za chinsaga zimeota pale. Si moja, si mbili. Zimefuata mtaro mpaka kwa fundi viatu, zimenifika kiunoni, na maua meupe juu. Nikatazama shina: zambarau. Ni zake. Hakuna mwingine sokoni aliyekuwa na chinsaga za shina la zambarau.

Tangu tumzike Agosti sijakaa mahali nikatulia. Napalilia chai iliyokwisha kupaliliwa. Siku hiyo nilisimama pale saa nzima, misumari mkononi.

Wewe uko ofisi ya afya. Waambie wasizikate.

Ni mimi Tata yako,
Thadeus


Kisii,
14 Juni 1968

Kwa Tata mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa najua hutakuwa umeketi. Kifua kimepona. Hongera kwa ndama.

Tata, nilijua ulikuja hata kabla ya barua yako. Angwenyi wa masijala aliniuliza mbele ya wote, "Orpah, mzee wenu ameajiriwa kuchunga mtaro?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Na wewe hukuingia hata kunisalimia.

Huku mjini, kitu kikiota pasipopandwa ni uchafu. Kinaficha mbu na panya, na mgeni akikiona anasema mji huu hauna wenyewe. Julai wageni wanakuja kutoka Nairobi, na Bwana Afya anataka barabara zote ziwe wazi. Mimi ni karani wa muda. Julai hiyohiyo ndipo wanaamua kama nitathibitishwa. Nikaseme nini, kwamba mtaro ni wa mama yangu?

Chinsaga ziko tele nyumbani. Palilia hizo.

Binti yako,
Orpah


Ikonge,
19 Juni 1968

Mwanangu Orpah,

Nakusalimu. Ndama anakula vizuri. Mimi nakula ninapokumbuka.

Nyumbani hazipo. Hukujua, kwa sababu ulirudi kazini siku ya pili baada ya mazishi. Kile kibuyu cha mbegu alichokiweka juu ya meko kilianguka siku ya matanga, wanawake walipokuwa wakihamisha vyungu. Kuku walimaliza mbegu kabla mtu hajainama. Jirani yetu Tryphosa akanigawia chinsaga zake. Nikazipika kwa maziwa, nikazilaza chunguni kama mama yako alivyofanya. Hazikuwa zenyewe. Nilimpa mbwa, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo siombi mtaro. Naomba mbegu. Maganda bado ni ya kijani, na ukiyachuma sasa ndani ni maji tu. Yakigeuka manjano na kuanza kupasuka, yametosha. Ni wiki tatu. Wiki tatu tu, Orpah.

Sikuingia ofisini kwa sababu viatu vyangu vilikuwa na matope, na sakafu yenu inang'aa.

Tata yako,
Thadeus


Kisii,
3 Julai 1968

Kwa Tata,

U mzima? Hujaandika tena, na nasikia umekuja mjini mara mbili, ukasimama pale pale, ukarudi.

Naandika saa ya chakula. Jumatatu tangazo lilitoka. Bwana Afya aliliandika kwa Kiingereza, mimi nikapewa nigeuze Kiswahili na kupiga taipu. Niliandika, "Nyasi zote za kando ya barabara zifyekwe."

Jana wafanyakazi walifyeka tangu posta. Walipofika kwenye chinsaga wakasimama. Bwana Afya, ambaye ni mtu wa pwani, akamwuliza nyapara wao, Makori, wanangoja nini. Makori akatoa karatasi mfukoni.

"Bwana, imeandikwa nyasi. Hii ni mboga."

"Hayo ni magugu!"

"Magugu? Mke wako akikuletea hii na ugali, utamwambia amekupikia magugu?"

"Mke wangu hapiki vitu vya mtaroni."

"Ndiyo maana umekonda," akasema mama mmoja wa ndizi, na watu wote wakaangua kicheko.

Niliitwa. Kwa nini nimeandika nyasi na neno ni magugu? Nikasema nimekosea, Kiswahili chetu ni cha shuleni. Tata, mpaka sasa sijui kama nilikosea. Kidole changu kilisimama juu ya herufi M muda mrefu.

Kuthibitishwa kumeahirishwa miezi sita.

Tangazo jipya linabandikwa Jumatatu asubuhi, "magugu yote", na slasha za kufyekea zinafuata. Maganda yameanza kugeuka manjano. Njoo Jumapili. Usikose.

Binti yako,
Orpah


Ikonge,
12 Julai 1968

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia Jumatano. Ilikuwa imekaa dukani kwa Abner tangu Ijumaa, chini ya gunia la chumvi.

Hata hivyo jana nilikuja. Kona ilikuwa nyeupe kama sahani, mtaro umepakwa chokaa. Nilisimama.

Makori akaja na reki yake. "Mzee, unatafuta nini tena? Binti yako alishamaliza." Akaniambia ulikuja Jumapili na viatu vyako vya kisigino, ukashuka mtaroni, ukachuma ganda baada ya ganda mpaka kwa fundi viatu, ukitia kwenye bahasha ya khaki ya ofisi. Angwenyi akapita na mkewe wakitoka kanisani, akafungua mdomo aseme kitu. Ukamwambia, "Shika bahasha." Akashika.

Nilicheka peke yangu barabarani, Orpah, watu wakanitazama.

Nilifika mpaka mlango wa ofisi yenu. Viatu nilikuwa nimevivua. Nilikuona umeinama kwenye taipu, bahasha iko karibu na mkono wako. Nikaogopa kulia mbele ya wenzako, nikarudi.

Jumapili ijayo njoo nyumbani. Shamba la nyuma ya jiko nimelilima, mara mbili. Lete mbegu, lakini usilete zote. Ukifika kwenye kona, kung'uta ile bahasha kidogo kabla ya kupanda basi.

Nimeandika yote haya na sijakuuliza hali. Hujambo, mwanangu?

Tata yako,
Thadeus