Siku ya Tatu, Kutoka Lluc

Son Marget, Mallorca
8 Julai 2019

Shangazi yangu Apolonia,

Kabla sijakusalimia kama inavyotakiwa, ngoja niandike jambo moja haraka, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Taa ya nyuma ya baiskeli ya kaka Rafel ninayo mimi. Iko kwenye droo yangu, ndani ya soksi. Haikuvunjika, wala haikupotea mtaroni kama baba anavyosema. Siku ya ajali haikuwa kwenye baiskeli kabisa. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri.

Sasa salamu. Hujambo, shangazi? Magoti yanaendeleaje? Na lile sikio? Sisi ni wazima. Mama bado anafua mashuka ya hoteli kule pwani. Baba yuko vilevile kama ulivyomwacha baada ya mazishi. Mimi nimemaliza shule. Matokeo yametoka, nimefaulu, na nyumbani hakuna aliyekumbuka kuniuliza.

Ilikuwa hivi. Jioni ya mkesha wa Mtakatifu Antoni, mwezi wa kwanza, nilitaka kwenda na wenzangu kwenye mioto ya Muro. Taa yangu ilikuwa imeisha betri. Nikaichomoa ya Rafel bila kumwomba, kwa sababu angesema nimsubiri anipeleke, na mimi niliona aibu kupelekwa na kaka. Tukachoma soseji, tukacheka, tukarudi. Taa ikabaki mfukoni mwa koti.

Asubuhi yake vijana wa klabu ya baiskeli walikuwa wanapeleka baiskeli zao Muro zibarikiwe, pamoja na punda na mbwa na kuku wa watu. Rafel alifunga utepe wa njano na mwekundu kwenye usukani, akatoka anapiga kengele. Hakuangalia chini ya kiti. Ukungu ulikuwa mzito, na moshi wa mioto ulikuwa bado umelala mashambani. Gari la mikate la Tofol lilimkuta kwenye kona ya pili.

Tofol aliwaambia polisi kwamba hakuona taa. Unakumbuka kanisani, alipopanga foleni kutupa pole kama watu wengine, baba akaficha mkono wake nyuma? Mimi nilikuwa nimesimama kando ya baba. Nilijua Tofol anasema kweli, nikanyamaza. Mpaka leo nimenyamaza.

Nimeipata ramani ya Rafel, ile ya safari ya siku tano kwa baiskeli aliyokuahidi ukitimiza miaka sitini. Amechora kila siku kwa penseli na kuandika mahali pa kulala. Mwezi wa kumi unatimiza sitini. Njoo tuifanye, shangazi, wewe na mimi. Kwenye simu wewe husikii, na mimi maneno hunikauka. Labda tukiwa barabarani utaniambia nifanye nini.

Mimi binti wa kaka yako,
Coloma

*

Perpignan
17 Julai 2019

Mwanangu Coloma,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Mimi sijambo. Magoti yanalia kama mlango wa zizi, sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia linachotaka. Hongera kwa mtihani. Nimemwambia kila mteja aliyekuja dukani kununua matikiti maji, mpaka mmoja akaniuliza kama huyo mtoto ni wa kuuzwa.

Barua yako nimeisoma mara nne, kisha nimeichoma kwenye sinki. Sasa nisikilize. Taa haikuendesha gari. Tofol ndiye aliyeendesha, kwenye ukungu, kwa mwendo wa mtu anayechelewa. Wewe ulikuwa mtoto aliyetaka kwenda kuota moto na wenzake. Basi.

Usimwambie baba yako. Biel namjua tangu alipokuwa anakojoa kitandani. Amebakiwa na mtoto mmoja. Ukimwambia, atakuwa hana hata huyo, kwa sababu kila akikutazama ataiona hiyo taa. Itupe kisimani.

Safari nakuja. Nitapanda meli ya Barcelona, nifike Palma Jumamosi tarehe tano Oktoba. Tafuta duka linalokodisha baiskeli za mota, maana mimi mlima sipandi kwa miguu hii. Watalii wako wa mbio wakinicheka waache wacheke, nitawapita. Nipangie vizuri: tunaanza wapi, tunalala wapi, tunakula nini.

Shangazi yako,
Apolonia

*

Son Marget
4 Agosti 2019

Shangazi mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama na joto limepungua. Huku lozi zimeanza kupasuka maganda, na baba hajatandika hata wavu mmoja chini ya miti. Mama anakusalimu. Hajui lolote kuhusu taa.

Mpango ni huu. Jumapili tarehe sita tunaondoka nyumbani kupitia Santa Margalida, tunashuka Alcúdia, tunalala huko. Jumatatu tunapita Pollença na kupanda mpaka Lluc, tunalala kwenye vyumba vya monasteri. Rafel ameandika pembeni: "Shangazi aombe chumba cha mbali na kengele." Kisha amefuta, akaandika: "Haidhuru, hasikii." Jumanne tunapanda Puig Major na kuteremka Sóller. Jumatano Valldemossa, Alhamisi nyumbani. Baiskeli yako ya mota nimeshaiagiza. Muuzaji aliniuliza uzito wako nikashindwa kusema, nikaandika "wa wastani".

Tofol alinyang'anywa leseni. Sasa anasukuma mikate kwa mkokoteni, na wengi wanaagiza mkate wao kijiji cha pili ili wasinunue kwake. Jana alipita mbele ya baa, mmoja akapaza sauti, "Tofol, breki za huo mkokoteni zinashika?" Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Muulize kama taa anaziona siku hizi." Yeye alivua kofia, akawaambia habari za asubuhi, akapita. Hakuna aliyeitikia. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara.

Kisimani sikuitupa. Nilifika nayo mpaka ukingoni, nikarudi nayo.

Binti wa kaka yako,
Coloma

*

Perpignan
13 Agosti 2019

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, nimevimba tu miguu kwa kusimama dukani.

Mpango ni mzuri, lakini umenifanya mjinga. Mimi nimezaliwa hapo. Kutoka Son Marget kwenda Alcúdia watu hupitia njia ya Muro, tambarare, upepo nyuma. Wewe unanizungusha Santa Margalida, kilomita kumi na zaidi za bure, na vilima. Ni wa nini huo mzunguko? Unanipeleka kumtembelea nani? Kama ni ile kona, sema ni ile kona. Tutapita tukiwa wawili, nitafunga macho, wewe utaniongoza.

Na uzito wangu si wa wastani. Mwambie ukweli huyo muuzaji kabla sijavunja kiti chake.

Shangazi yako,
Apolonia

*

Son Marget
1 Septemba 2019

Shangazi,

Hujambo? Miguu imepungua? Sisi tupo.

Ni ile kona, lakini si kwa sababu unayofikiri. Baba yuko pale kila Jumapili. Akitoka misa hapiti nyumbani. Anakwenda na fimbo na suruali yake ya kanisani, anashuka mtaroni, anatafuta taa. Miezi saba sasa. Amekata miiba yote, amechimbua mizizi ya shamari, anapepeta mchanga kwa ungo wa jikoni. Tungepita hapo tarehe sita asubuhi, tungemkuta amepiga magoti.

Leo aliniambia, "Coloma, njoo unisaidie. Wewe una macho mapya."

Nikaenda. Shangazi, nilitafuta. Niliinama kando yake nikageuza mawe, nikijua kitu chenyewe kimelala chumbani kwangu. Mara tatu nilisema, "Baba," na mara tatu akasema, "Umeona kitu?" Nikasema sijaona.

Halafu yeye akaona. Kipande cha plastiki nyekundu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Nina hakika ni cha gari fulani lililojigonga hapo miaka iliyopita. Akakifuta kwa leso, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akalia kwa sauti. "Unaona? Unaona? Mwanangu alikuwa na taa." Akanibusu kichwani. Tangu Rafel afe hajawahi kunibusu.

Amekiweka kwenye kisanduku cha pete ya mama. Wakili anasema kitasaidia. Kesi ya Tofol itasikilizwa Inca, Jumanne tarehe nane Oktoba, saa nne asubuhi. Nimeangalia ramani. Siku hiyo sisi tutakuwa tunatoka Lluc kwenda Puig Major.

Ulijua?

Coloma

*

Perpignan
10 Septemba 2019

Mwanangu Coloma,

Nilijua. Biel alinitumia ujumbe wa tarehe ya kesi mwezi wa saba, kabla sijakujibu barua ya kwanza. Ndiyo maana nikachagua meli ya tarehe tano. Nilitaka siku hiyo uwe juu milimani, unahema, unanitukana kimoyomoyo kwa sababu mimi nina mota na wewe huna. Sioni aibu kwa hilo.

Tofol ana miaka sitini na sita. Hatafungwa. Watamtoza faini, watamkataza kuendesha, na kuendesha ameshaacha. Hana mke wala mtoto wa kuumia naye. Baba yako ana kile kipande cha plastiki na ana wewe. Piga hesabu mwenyewe, umesoma.

Jana usiku nilijiuliza kama Rafel angenielewa. Nikaamka nikapanga machungwa.

Usiniandikie tena habari hii. Niandikie kama nilete koti la mvua.

Shangazi yako,
Apolonia

*

Son Marget
26 Septemba 2019

Shangazi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu, na kila siku nilijua unaangalia sanduku la barua. Lete koti la mvua. Lete na glovu, Lluc asubuhi ni baridi.

Najua umenikataza. Nivumilie mara hii moja.

Juzi nilinunua mkate kwa Tofol. Sikuwa nimepanga. Nilikutana na mkokoteni wake nyuma ya kanisa, hakukuwa na mtu, nikasema, "Habari za asubuhi, mjomba Tofol." Akashtuka kama nimempiga. Akachagua mkate, akaufuta unga, akaushika bila kunipa.

"Binti, usinunue kwangu," akasema. "Biel atauona mezani."

Nikasema nitaula njiani. Akacheka kidogo. Kisha akaniambia, bila mimi kumuuliza, "Mwambie baba yako sitambishia tena. Nimesikia kipande kimepatikana. Miezi yote hii nimekuwa nikisema taa haikuwepo, haikuwepo. Kumbe ilikuwepo. Basi ni macho yangu. Au nilisinzia kwenye usukani. Siku hizi nikifumba macho naiona kabisa inawaka mbele yangu, nyekundu, na mimi naiendea tu. Nitamwambia hakimu hivyo. Nitamwambia niliiona."

Akanipa ule mkate, unga ukadondoka kwenye viatu vyangu.

Ningemwambia palepale. Sauti haikutoka, unanijua. Lakini nilirudi nyumbani nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza hesabu yako ikagoma. Tofol ndiye mtu pekee aliyeiona ile asubuhi ilivyokuwa, na sisi tumemfanya asiyaamini macho yake. Hukuwa umeihesabu hiyo, shangazi. Hata mimi sikuwa nimeihesabu.

Siwezi kumwambia baba nyumbani. Si kwamba nitamuogopa. Najua atakachofanya. Ataichukua ile soksi, ataenda nayo mahali, atarudi na kuniambia, "Hukuniambia kitu, mimi sikusikia kitu." Atafanya hivyo kwa kunipenda. Kisha tutakaa mezani sote wawili tukijua, mpaka mmoja wetu azikwe.

Kwa hiyo nimechora upya siku ya tatu. Jumanne tutaamka mapema, tutakunywa maziwa ya moto pale chini ya monasteri. Tutapanda kidogo mpaka kwenye njia panda juu ya mlima. Hapo wote wanaokwenda Puig Major hukata kulia. Sisi tutakata kushoto. Ni mteremko mpaka Caimari, kona nyingi, ushike breki zote mbili na usizibane ghafla. Kutoka hapo mpaka Inca ni tambarare. Nimehesabu saa moja na nusu, na nusu saa nyingine kwa ajili ya magoti yako. Lete sketi, ya kuvaa juu ya suruali ya baiskeli. Mimi nitabeba yangu, na soksi nitaibeba mkobani.

Baba atakuwa amekaa mbele na kile kisanduku cha pete. Sijui atanitazama vipi. Sijui kama baada ya hapo tutaendelea na safari kwenda Sóller, au kama nitakuwa na nyumba ya kurudi. Siku ya nne na ya tano nimeziacha wazi kwenye ramani. Huenda sauti isitoke tena, mbele ya watu wote hao. Ikigoma, wewe usiseme kwa niaba yangu. Simama tu karibu, upande wa sikio lako zima, ili ukinisikia mimi nijue kwamba nimesema.

Na kama huwezi, nitakuelewa. Utaningoja Lluc, nitakwenda peke yangu.

Jumamosi baba mwenyewe atakuja bandarini kukupokea kwa gari. Njia nzima atakuuliza tunapita wapi, maana anafurahi kwamba natoka nyumbani. Mwambie Jumanne tunapanda Puig Major. Mwambie na mama hivyohivyo. Barua hii ichome kwenye sinki kama ile ya kwanza. Mpaka saa nne ya Jumanne, nakuomba sana, shangazi, usimwambie mtu.

Mimi binti wa kaka yako,
Coloma